Washa Njia, Si Pori: Ushauri wa Taa za Nje kwa Wakazi wa Murusagamba na Jirani Zake

Swali hili hurudi kila mvua za vuli zinapokaribia, kutoka Murusagamba, Rulenge, Nyakahura na vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo: nguzo za umeme zimefika, au sola imenunuliwa, sasa nje tufunge taa gani? Wengine huongeza la pili: tunasikia taa zinaua wadudu na kuwavuruga wanyama, ni kweli au ni maneno ya watu wa hifadhi?

Ni kweli. Na kulirekebisha tatizo hilo hakumtaki mtu arudi gizani. Mkazi wa Murusagamba yuko jirani na mpaka wa Burundi, na ng'ambo ya mpaka huo ipo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu. Upande wa pili ipo Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, iliyopata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2019 baada ya kuunganishwa kwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kati ya hifadhi hizo mbili watu wanalima, wanafuga na kujenga. Taa ya barazani katika nchi ya milima na mabonde kama hii huonekana mbali sana, na wanaoiona si majirani peke yao.

Nadharia nitaigusa kidogo tu, kiasi cha kukuwezesha kuchagua vizuri. Mengine yote ni kazi ya mikono.

Usiku huo una wenyewe

Jibu ninalopewa mara nyingi ni hili: "Huku kwetu wanyama walishakwisha." Mapori ya Ngara yaliumia kweli. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu, kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani, miti ikakatwa kwa kuni na wanyama wakawindwa kwa kitoweo. Lakini anayesema wamekwisha anawahesabu wanaoonekana mchana. Usiku wapo komba, fungo, kanu, nungunungu na muhanga. Wapo bundi, na mpasuasanda, yule ndege anayetua chini barabarani na kuruka ghafla taa za pikipiki zinapomfikia. Wapo vyura kwenye mabonde ya mafunjo. Wapo popo wa matunda, wanaosambaza mbegu za mvule usiku mmoja hadi mwingine bila kulipwa na mtu. Na wapo wadudu, ambao ndio chakula cha wengi kati ya hao wote.

Taa inawafanya nini

Mtu wa Kagera hahitaji mwalimu wa somo hili. Msimu wa senene, Novemba na Desemba, wategaji wa Bukoba na Muleba husimamisha mabati, huweka mapipa chini yake na kuwasha taa kali juu. Senene hushuka kwa magunia. Katika Ziwa Victoria wavuvi huvuta dagaa kwa karabai, siku hizi na kwa taa za sola, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika kwa sababu taa hainasi kitu mbele ya mbalamwezi. Kazi hizo zina msimu na zina mwenyewe, na kinachonaswa kinaliwa. Taa nyeupe iliyoachwa ikiwaka barazani usiku kucha, mwaka mzima, ni mtego ule ule wa senene uliokosa pipa. Asubuhi unafagia mbawa.

Sababu yake imeelezwa vizuri na utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi kuwafuata wadudu wakiruka. Mdudu wa usiku huuelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, maana tangu asili upande huo ulikuwa angani, na hivyo ndivyo anavyojua juu ni wapi. Akipita karibu na taa mgongo unaigeukia, njia yake inapinda, anabaki akizunguka mpaka achoke au aliwe. Hakuja kwa kupenda. Amepotezwa.

Madhara mengine yanayotuhusu huku:

- Popo wengi waendao polepole hukwepa mahali penye mwanga. Taa moja kwenye njia yao ya kawaida kandokando ya miti inaweza kuwakatia njia ya kwenda kula.
- Ndege wanaohama usiku huvutwa na mianga mikali, hasa usiku wa mawingu na ukungu, wakapoteza nguvu kwa kuzunguka au wakagonga majengo na minara.
- Wale wadudu wanaoviringisha mavi ya ng'ombe na kuyafukia ardhini hunyoosha mwendo wao kwa kufuata ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga. Wanasayansi wa Sweden na Afrika Kusini walilithibitisha hilo mwaka 2013. Mfugaji anayejali malisho yake ana sababu ya kutowafichia nyota.
- Baadhi ya mazao husoma urefu wa usiku ili yajue wakati wa kutoa maua. Soya iliyo chini ya taa ya barabarani huchelewa kukomaa, ikabaki kijani wakati shamba lote limekauka.

Kumbuka pia kipimo hiki: mwezi mpevu, ambao wewe unauona unang'aa hadi unatembea bila tochi, hautoi hata luksi moja ya mwanga ardhini. Taa ya kawaida ya barabarani hutoa mara nyingi zaidi ya hapo. Macho ya viumbe hawa yameumbwa kwa mwanga wa nyota na mwezi.

Kabla ya kwenda dukani, tembea usiku

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Fundi anakuja mchana, anaangalia kona nne za nyumba, anafunga taa nne. Hakuna aliyeuliza nani anapita wapi.

1. Chagua usiku usio na mwezi. Zima taa zote za nje, ukae uani kama dakika 20 mpaka macho yazoee giza. Usiangalie simu.
2. Tembea njia zinazotumika kweli: mlangoni hadi chooni, jikoni hadi kwenye tenki la maji, getini hadi barazani. Weka jiwe au kijiti kila mahali mtu anaweza kujikwaa, kuteleza au kuogopa.
3. Sasa angalia upande wa pili: mahali mwanga usikotakiwa kufika. Bonde la mafunjo, kijito, ukingo wa msitu, mti wenye viota au popo, kichuguu, na dirisha la jirani.
4. Kwa kila jiwe uliloweka, andika saa. Njia ya choo inahitajika usiku wote, lakini kwa dakika chache tu kila mara. Baraza linahitajika hadi watu walale. Kibanda cha kuku huenda hakihitaji taa kabisa.

Ukimaliza utakuta taa unazohitaji ni chache kuliko ulizopanga, na karibu zote ni ndogo.

Dukani: namba mbili za kusoma kwenye boksi

Namba ya kwanza imefuatwa na herufi K. Inaeleza rangi ya mwanga. Taa nyingi za nje zinazouzwa kwetu ni 6500K, nyeupe inayoelekea samawati, na hiyo ndiyo rangi inayovuta wadudu zaidi na kusambaa zaidi angani. Wewe tafuta 3000K au chini yake, ile wauzaji wanayoiita ya njano. Hicho ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa na DarkSky International, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1988 kutetea usiku. Nyumba yako ikipakana na pori, mto au bonde, shuka hadi 2200K, au rangi ya kaharabu kabisa ukiipata.

Namba ya pili ni lumeni, yaani wingi wa mwanga. Kwa makadirio yangu:

- njia ya choo au ngazi: lumeni 100 hadi 200;
- mlango na baraza: 300 hadi 500;
- uwanja wa kupakulia mizigo, na ni wakati wa kazi tu: 1,000 hadi 1,500.

Zaidi ya hapo unanunua maumivu ya macho.

Wati zilizoandikwa kwenye taa za sola za bei rahisi usizitegemee. Paneli halisi ya wati 300 ina upana wa kama mita moja na urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Taa yenye kipaneli cha ukubwa wa daftari haiwezi kuwa na wati 300, hata boksi liape. Muulize muuzaji lumeni na uwezo wa betri. Akishindwa kujibu, tafuta duka lingine.

"Na kama taa ya njano haipo huku?" Swali la haki, maana maduka ya vijijini huleta kinachouzika. Agiza. Wenye maduka hufuata mizigo mjini mara kwa mara, na wateja watano wakiomba taa ya njano mwezi mmoja, itakuwepo. Wakati unasubiri, nunua nyeupe iliyo ndogo kabisa, ifunge kofia na sensa ya mwendo, nitakavyoeleza. Usiifunike balbu kwa nailoni au karatasi ya rangi ili kuifanya ya njano. Inaweza kushika moto.

Kuifunga: hapa ndipo kazi inapoharibika

Taa nzuri iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko taa mbaya iliyofungwa vizuri. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba ningekuwa na nafasi ya ushauri mmoja tu, ungekuwa huu: uso wa taa uangalie chini kabisa. Usiukubali mkao wa kuinama kidogo kuelekea mbele ambao mafundi wanaupenda.

Kwa taa za sola zilizounganishwa na paneli yake kuna kosa maalumu. Fundi huinua taa nzima ili paneli "ione jua," na taa inabaki ikimulika mlima wa pili. Huku kwetu hakuna haja hiyo. Ngara iko takriban nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na paneli iliyolala karibu bapa inachaji vizuri. Iinamishe kidogo tu, kiasi cha mvua kuosha vumbi. Kama taa yako inaruhusu, tenganisha: paneli juu ya bati, taa chini ya mwamba wa paa.

Mambo mengine ya kumsimamia fundi:

- Kimo. Mita 2 hadi 2.5 ukutani. Taa ikipandishwa juu ili "ifike mbali" inahitaji nguvu zaidi kufanya kazi ile ile, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unaofika hupungua hadi robo.
- Kofia. Kama taa haina kofia, fundi wa mabati ataitengeneza kwa kipande cha bati. Iwe na kina, balbu izame ndani isionekane kutoka pembeni. Acha nafasi ya hewa, na usitumie plastiki.
- Njiani. Vijitaa vifupi vya kimo cha magoti, vyenye kifuniko juu, vinamulika miguu na kuacha miti gizani. Kwa njia ya choo hakuna kinachovishinda.
- Ukuta. Ukuta mweupe unaong'aa unarudisha mwanga nje. Sehemu iliyo nyuma ya taa ipakwe rangi ya udongo au kahawia isiyong'aa.
- Miti. Usimulike mti kutoka chini kwenda juu. Hakuna sababu ya kutosha kufanya hivyo, hata siku ya harusi.
- Madirisha. Pazia zito upande wa pori huhesabika. Sebule yenye tyubulaiti na dirisha tupu ni taa ya nje pia.

Jioni hiyo hiyo, kabla fundi hajalipwa, fanya kipimo. Toka hatua 50 hadi upande wa pori au bonde, chuchumaa, angalia nyumbani. Ukiona ardhi iliyomulikwa, sawa. Ukiiona balbu yenyewe ikikuchoma macho, kazi haijaisha.

Sensa na saa

Sensa ya mwendo hugundua joto la mwili linalokatiza mbele yake. Humwona vizuri anayepita kwa kukatiza, na humchelewa anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo iweke ubavuni mwa njia. Isielekee barabarani, wala zizini, wala kwenye matawi. La sivyo itawashwa na pikipiki, mbuzi na upepo mpaka uichoke na kuizima sensa yenyewe, kisha taa ikae imewaka moja kwa moja. Ndivyo sensa nyingi zinavyokufa.

Weka muda wa dakika moja, usizidi mbili. Taa nyingi za sola zina rimoti yenye namna tatu au nne za kuwaka, na dukani hutoka zikiwa kwenye ile ya kuwaka jioni hadi asubuhi. Ibadilishe siku ya kwanza: izimike kabisa mpaka mtu apite. Namna ya kufifia bila kuzimika chagua kama hakuna nyingine. Faida ya pembeni ni kwamba betri itadumu zaidi, na taa haitakufa saa tisa usiku mtoto anapoihitaji.

Siku za mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka, zima taa za nje mapema usiku huo. Anayetaka kumbikumbi wa kukaanga na awatege kwa makusudi, kwa saa moja, kisha azime.

"Lakini…"

Mashaka yenu nayajua, na mengi yana msingi.

*"Nikipunguza mwanga nitaibiwa."* Taa kali inayokuchoma macho hutengeneza kivuli kizito nyuma yake, na mwizi husimama kwenye kivuli hicho. Tena taa inayowaka muda wote haimwambii mtu chochote. Ile inayowaka ghafla humshtua aliyekuja, humwamsha mbwa na kukujulisha kuna mtu. Kwa mlango na geti, sensa ni mlinzi bora.

*"Wanawake na watoto wanapita usiku."* Hili lipewe uzito kuliko jambo lolote katika makala haya. Sishauri mtu yeyote apite gizani akiwa na hofu. Njia ya choo, ya maji na ya zahanati imulikwe, mwanzo hadi mwisho, bila vipande vya giza katikati. Vijitaa vifupi kadhaa hufanya kazi hiyo vizuri kuliko taa moja kubwa ya kona, ambayo humpofusha anayeiendea na kumficha anayemvizia.

*"Taa inafukuza mbu."* Haifukuzi. Watafiti wa malaria huwakamata mbu kwa mitego yenye taa. Kinachokukinga ni chandarua na wavu wa dirishani. Tena wakati wa mvua taa nyeupe huwaleta wale wadudu wadogo wekundu na weusi waitwao nairobi fly, ambao wakipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge. Ukimkuta mwilini mpulize, usimponde, kisha osha kwa sabuni.

*"Inafukuza nyoka."* Fikiria mlolongo. Taa huleta wadudu, wadudu huleta vyura na mijusi, na hao huleta nyoka. Chini ya taa inayowaka usiku kucha ndipo mahali pa kuangalia unapokanyaga. Mwenye kutoka usiku abebe tochi na avae viatu.

*"Ya njano ni hafifu, ni ya kizamani."* Kaa nayo wiki moja. Macho huzoea, na hutakuwa na ile hali ya kutoka kwenye mwanga mweupe ukawa kipofu hatua tatu mbele.

*"Mimi peke yangu nitabadilisha nini?"* Uharibifu wa aina nyingine hudumu miaka. Mafuta yakimwagika mtoni, au msitu ukikatwa, utasubiri kizazi. Mwanga ukizimwa, giza linarudi papo hapo na bonde lako linapona usiku huo huo. Sijui jambo lingine la hifadhi lenye malipo ya haraka hivyo.

Mazizi: ruhusa pekee ya kumulika nje

Wafugaji huuliza kuhusu fisi, na hapa kanuni inabadilika. Kijana wa Kimasai wa Kitengela, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Richard Turere, akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza taa za kumweka kwa betri na vipuri vya kuokoteza, akazizungusha kwenye zizi la baba yake. Simba waliokuwa wakiwala ng'ombe wao wakaacha kuja. Mwaka 2013 alilieleza jukwaani TED, na wafugaji wengi wameiga.

Siri iko kwenye kumweka kwa zamu, kama mtu anayetembea na tochi. Taa isiyobadilika mnyama huizoea. Kwa hiyo:

- tumia taa ndogo za kumweka, zifungwe kwenye nguzo za zizi kwa kimo cha macho ya mnyama, zikitazama nje;
- ziwashe mifugo inapoingia, zizime inapotoka, na msimu usio na wanyama wakali zizime kabisa;
- badilisha nafasi zake mara kwa mara;
- zizi lenyewe liwe imara. Taa haizibi tundu la boma.

Kwa tembo wanaoingia mashambani usitegemee taa. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa Kenya na kisha kuenea Tanzania na kwingineko, una ushahidi mzuri zaidi, na unakupa asali.

Tochi kali ya kumulikia wanyama porini ni jambo jingine kabisa. Kuwinda usiku kwa kumulika ni kosa kisheria, na kumulika macho ya komba au bundi kwa kujifurahisha kunamwacha bila kuona kwa muda, akiwa chakula cha mwingine.

Shule, zahanati, gesti na sheli

Shule ya bweni: mulika vijia kati ya bweni, choo na bwalo. Uwanja wa mpira uzimwe mchezo ukiisha. Swichi iwe kwa mtu mmoja anayejulikana.

Zahanati: mlango wa wazazi na njia ya gari la wagonjwa viwe na mwanga wa uhakika, wenye betri ya akiba. Ukuta wa nyuma unaotazama bonde hauhitaji chochote.

Gesti na baa: bango lizimwe mkifunga. Taa za rangi zinazozunguka angani ziachwe mjini.

Kituo cha mafuta: taa zizame ndani ya dari, zisining'inie. Pampu zikifungwa, ibaki moja ya mlinzi.

Mnaojenga kambi na loji kuelekea Burigi mna mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu mgeni amewalipa kwa ajili ya giza hilo na nyota zake. Kandili ya sola kwa kila mgeni, vijitaa vya magoti njiani, na mhudumu wa kumsindikiza hadi hemani. Bwawa au kidimbwi ambacho wanyama hunywea kisimulikwe. Zingatieni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa dhidi ya shughuli za kudumu za binadamu. Taa zenu nazo zikae nje ya mita hizo, na mwanga wake usizivuke.

Barabara, mpaka na mgodi

Ngara inabadilika haraka. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uko mlangoni. Vituo vya pamoja vya forodha vipo Rusumo na Kabanga. Mradi wa nikeli wa Kabanga, chini ya kampuni ya Tembo Nickel, utaleta mitambo na barabara. Miradi ya namna hii ikiweka taa vibaya, kofia zetu za bati hazitafua dafu.

Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya taasisi ya taifa ya mazingira, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Watu huenda kwenye mikutano hiyo wakauliza fidia, maji na vumbi. Taa haiulizwi na mtu. Iulizeni. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa wanyama wanaohama, ambao mkutano wake wa mwaka 2020 huko Gandhinagar, India, uliridhia miongozo ya taa kwa ajili ya wanyama. Mhandisi akikuambia hakuna miongozo, mwambie ipo.

Pwani walishaanza kulipa. Kasa wachanga wakitoka mchangani hutambaa kuelekea upeo uliong'aa zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari tu. Hoteli zikiwasha taa za ufukweni, wanatambaa kuelekea hotelini na kufa njiani. Hasara ile inaonekana kwa macho, ndiyo maana imesemewa. Ya kwetu huanguka kimya chini ya nguzo na kufagiliwa asubuhi.

La kufanya kwenye kikao kijacho

Halmashauri au wakala wa barabara, TARURA, wakileta mpango wa taa za barabarani, serikali ya kijiji iombe masharti haya yaandikwe kwenye zabuni, kwa namba:

1. Rangi isizidi 3000K, na 2200K kwa nguzo zilizo kandokando ya msitu, mto au bonde.
2. Taa zitazame chini kabisa, balbu isionekane kutoka pembeni.
3. Mwanga upungue baada ya saa tano usiku, na nguzo zisizo kwenye makazi zizimwe.
4. Daraja la mto na mita 60 za kingo zake zisiwe na nguzo, isipokuwa pale ambapo usalama wa wapita kwa miguu unadai hivyo.
5. Fundi arudi usiku kwa kipimo cha macho kabla ya malipo ya mwisho.

Yapelekeni masharti hayo kabla mkandarasi hajapatikana. Nguzo zikishasimama, kugeuza taa moja kunataka gari la ngazi, kibali na fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na kijiji kitakaa na kosa hilo mpaka taa zife zenyewe.